Karne ya Picha na Vipimo: Kutoka kwa Waanarkisti wa Paris hadi Msitu wa Ituri

Kadi ya mpiga kura iliyotolewa na Tume Huru ya Uchaguzi ya Kitaifa, CENI, katika uandikishaji ulioanza Desemba 2022 na kufika Ituri mwanzoni mwa 2023, ilizua malalamiko hata kabla ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, kwa sababu maandishi ya kadi nyingi yalififia ndani ya miezi michache, majina yakawa hayasomeki na nyuso zikabaki vivuli, hata tume ikalazimika kutoa nakala mpya. Katika nchi nyingine jambo hilo lingekuwa usumbufu wa siku moja tu, siku ya kupiga kura. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uzito wake ni mwingine, maana nchi haijafanya sensa tangu 1984, na kwa muda mrefu raia hawakupewa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kadi ya uchaguzi ndiyo inayotumika kufungua akaunti ya benki, kusajili namba ya simu, kupokea fedha zilizotumwa na ndugu, na kupita barabarani.

Wakazi wa Niania wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Mji huo mdogo wa teritori ya Mambasa umekaa kwenye njia panda ambapo barabara itokayo Kisangani hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Mambasa na Bunia na mwingine ukielekea Wamba na Isiro, na kila anayepita, awe mfanyabiashara wa kakao, mchimba dhahabu au mama anayempeleka mtoto hospitalini, hujua kwamba kwenye kizuizi ataombwa hati yenye picha. Tangu serikali ilipotangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, haja ya hati hiyo imezidi, na asiye na kadi inayosomeka hujikuta akitoa maelezo marefu, na mara nyingi fedha. Wenyeji wa Ituri, waliopitia vita vya 1999 hadi 2003, hawahitaji kuelezwa kizuizi ni nini wala kwa nini mtu huomba dua anapokikaribia.

Desturi ya kumtaka mtu athibitishe nafsi yake kwa sura iliyobanwa kwenye karatasi ina historia, na historia hiyo inaanzia katika ofisi ya polisi mjini Paris mwishoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa watu wa kwanza kuonja uzito wake walikuwa waanarkisti, yaani wafuasi wa siasa iliyokataa mamlaka ya dola, ya matajiri na ya kanisa, na ambao wachache wao waliamini kwamba bomu na risasi vingeharakisha mapinduzi. Mengi yanayofuata hapa yanategemea kazi za watafiti wawili: Allan Sekula, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu picha na kumbukumbu za polisi, na mwanahistoria Mwingereza Jeffrey Green, aliyefuatilia maisha ya Waafrika waliofika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Sekula alisisitiza jambo moja ambalo husahauliwa kwa urahisi, kwamba picha ya heshima inayotundikwa sebuleni na picha ya mtuhumiwa inayowekwa katika jalada zilikua pamoja, na kwamba kila uso unaopigwa picha hupata cheo chake kwa kulinganishwa na nyuso nyingine.

Aliyeupa utaratibu huo umbo lake ni Alphonse Bertillon, karani aliyeajiriwa mwaka 1879 katika makao makuu ya polisi ya Paris kunakili kadi za wahalifu. Ufaransa ilikuwa imeacha kuwachoma wafungwa chapa ya moto tangu 1832, na tangu hapo mtu aliyewahi kufungwa aliweza kubadilisha jina akahesabiwa kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Picha zilikuwepo kwa maelfu, lakini hazikuwa na mpangilio, na hakuna askari aliyeweza kupekua rundo lote kila mtu alipokamatwa. Bertillon alipendekeza kwamba mwili wenyewe utoe namba ya kutafutia: urefu wa kimo, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu na upana wa kichwa, urefu wa sikio la kulia, wa mguu wa kushoto, wa kidole cha kati, wa mkono kutoka kiwiko, na vipimo vingine, vyote pamoja 11, pamoja na rangi ya macho. Kadi zilipangwa katika droo kwa kufuata vipimo hivyo, na juu ya kila kadi zikabandikwa picha mbili, moja ya uso kwa mbele na nyingine ya ubavu wa kulia, zilizopigwa kwa umbali na mwanga ule ule, mtu akiwa amekaa kwenye kiti kisichosogea. Februari 1883 mbinu hiyo ilimtambua mtu wa kwanza aliyekuwa ametoa jina la uongo, na mwaka 1884 pekee ikawatambua 241.

Utaalamu huo wa kupima mwili, unaoitwa anthropometria, Bertillon hakuuvumbua kutoka hewani, kwa kuwa baba yake, Louis-Adolphe Bertillon, alikuwa miongoni mwa wanaanthropolojia wa Paris waliopima mafuvu na mifupa ili kuzipanga jamii za wanadamu kwa madaraja. Mwana mwenyewe, mwaka ule ule wa 1883 alipoanza kufanikiwa polisini, alichapisha kitabu kuhusu jamii za Afrika, Amerika na visiwa vya Pasifiki alizoziita za kishenzi. Msomaji wa Ituri anapaswa kuikumbuka tarehe hiyo, maana mkono uliowapima wezi wa Paris na mkono ulioandika juu ya watu wa mbali aliokuwa hajawahi kuishi nao ulikuwa mkono mmoja. Hata kabla yake, mwaka 1869, mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley alikuwa ameiandalia wizara ya makoloni ya nchi yake maelekezo ya kukusanya picha za watu waliotawaliwa, wakiwa uchi, kwa mbele na kwa ubavu, kando ya fimbo ya kupimia.

Sifa kubwa ya Bertillon ilikuja mwaka 1892. Mwezi Machi mabomu mawili yalilipuliwa katika nyumba za maofisa wa mahakama mjini Paris, na tarehe 30 mwezi huo mhudumu wa mgahawa wa Véry aligundua kwamba mteja mmoja alifanana na maelezo ya mtu aliyekuwa akitafutwa. Mtu huyo alijiita Ravachol. Vipimo vyake vilipolinganishwa na kadi iliyotoka Saint-Étienne, ilibainika kwamba ndiye François Koenigstein, aliyewahi kupimwa huko na aliyeshukiwa kwa mauaji na uporaji. Alikatwa kichwa kwa mashine ya gilotini Julai 1892, na tangu siku hiyo magazeti yakamsifu Bertillon kama mtu ambaye hakuna awezaye kujificha asimwone. Mashambulizi hayakukoma: Auguste Vaillant alitupa bomu bungeni Desemba 1893, Émile Henry akalipua mkahawa wa Terminus Februari 1894, na Juni 1894 Rais Sadi Carnot akachomwa kisu mjini Lyon na kijana Mwitaliano, Sante Caserio.

Bunge lilijibu kwa sheria kali zilizolifanya kosa si bomu tu bali hata maneno ya kulisifu, na polisi wakaingia katika nyumba za washonaji, washona viatu, mafundi chuma, wapiga chapa na wake zao, wakawachukua na kuwapiga picha mmoja baada ya mwingine. Picha za miaka hiyo zimehifadhiwa hadi leo, nyingi zikiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na mtazamaji akizipitia huona jambo ambalo polisi hawakulikusudia, yaani kwamba wengi walivaa mavazi yao mazuri, wakachana nywele, wakaitazama kamera kama mtu anayetaka aheshimiwe. Mmoja wao ni Félix Fénéon, karani wa wizara ya vita na mhakiki wa sanaa mwenye kidevu chembamba chenye ndevu, aliyekamatwa Aprili 1894 baada ya bomu lililolipuka katika mgahawa wa Foyot. Agosti mwaka huo alisimamishwa mahakamani pamoja na wenzake katika kesi inayojulikana kama Kesi ya Thelathini, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru karibu wote, akiwemo yeye. Waliohukumiwa walikuwa watatu tu, wa kundi lililoshtakiwa kwa wizi. Hata hivyo kadi ya Fénéon haikuondolewa. Hukumu ilimtoa gerezani lakini haikumtoa kwenye droo, na hilo ndilo badiliko zito lililoletwa na utaratibu mpya, kwamba kuanzia hapo mtu aliweza kubaki mshukiwa wa kudumu hata baada ya sheria kusema hana hatia.

Ubelgiji, ambayo mfalme wake Leopold II alikuwa ameifanya Kongo mali yake binafsi tangu 1885, haikuwa mbali na mambo haya. Baada ya mwanarkisti Mwitaliano Luigi Lucheni kumuua Malkia Elisabeth wa Austria mjini Geneva Septemba 1898, wajumbe wa serikali 21 walikutana Roma kuanzia Novemba hadi Desemba, wakapendekeza kwamba waanarkisti watambuliwe kwa utaratibu wa Bertillon uitwao picha ya maneno, yaani maelezo ya uso yaliyofupishwa kwa alama ili yaweze kutumwa kwa telegramu. Aprili 1900 kijana wa miaka 15, Jean-Baptiste Sipido, alimfyatulia risasi mrithi wa ufalme wa Uingereza katika stesheni ya treni ya Brussels, akamkosa. Tarehe 15 Novemba 1902 Gennaro Rubino, Mwitaliano aliyekuwa amewahi kulipwa na ubalozi wa nchi yake mjini London ili awapeleleze waanarkisti, alimfyatulia risasi Leopold mwenyewe alipokuwa akitoka katika ibada ya kumkumbuka mkewe, naye pia akakosa, akafungwa maisha na kufia gerezani.

Wakati polisi wa Ulaya walipokuwa wakilinda maisha ya mfalme huyo kwa kamera, kamera nyingine ilikuwa ikikusanya ushahidi dhidi yake. Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, aliyeketi barazani akiutazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara nchini Uingereza na Marekani, na zilichangia kumnyang'anya Leopold koloni lake, lililokabidhiwa rasmi kwa serikali ya Ubelgiji tarehe 15 Novemba 1908, miaka sita kamili baada ya risasi za Rubino. Ni vyema hili lisemwe waziwazi, kwamba katika historia nzima ya kamera za wageni nchini Kongo, picha za Baringa ni miongoni mwa chache zilizowafaa waliopigwa.

Ituri ilipata picha za aina nyingine, na hapa ndipo utafiti wa Jeffrey Green una thamani yake. Mwanzoni mwa 1905 mwindaji tajiri wa Uingereza, James Harrison, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitoka katika msitu wa Ituri akiwa na Wambuti sita, watu wa msitu huo wenye kimo kifupi, wanaume wanne na wanawake wawili, akawapeleka kaskazini kwa njia ya mto Nile hadi Cairo. Majina yao yaliandikwa kwa tahajia mbalimbali: Bokane, aliyetambulishwa kama mkubwa wao, Mongongu, Mafutiminga, Matuka, na wanawake Amuriape na Kuarke. Safari yao ilicheleweshwa Cairo kwa sababu maofisa wa Uingereza walitia shaka kama ilikuwa halali na salama kuwachukua watu wa msituni hadi nchi ya baridi, lakini mwishowe Harrison aliruhusiwa, na mwezi Juni walifika London, ambako walianza kuonyeshwa katika ukumbi wa michezo wa Hippodrome.

Kuanzia hapo hawakupata pumziko. Walipelekwa katika jumba la kifalme la Buckingham, wakaonyeshwa katika miji mingi ya Uingereza na Scotland, wakafika pia Ujerumani, na kati ya ziara hizo walikaa katika shamba la Harrison huko Brandesburton, Yorkshire, ambako inaelezwa kwamba waliwinda katika bustani yake. Sauti zao zilirekodiwa na kampuni ya Gramophone mwaka 1905, jambo linalowafanya kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kurekodiwa kibiashara nchini Uingereza, na kadi za posta zenye sura zao ziliuzwa kwa watazamaji. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 1,000,000 waliwaona kabla hawajaondoka Novemba 1907 kurudi kwao.

Picha inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile waliyopigwa mwaka 1905 katika bunge la Uingereza. Sir Benjamin Stone, mbunge wa Birmingham Mashariki, alikuwa na mazoea ya kuwapiga picha wageni mashuhuri katika veranda ya bunge iliyo kando ya mto Thames, na humo aliwapanga Wambuti hao sita, wakiwa wamefika mahali ambapo wafalme na mabalozi walisimama kabla yao. Kwa Stone huenda ilikuwa heshima. Lakini wageni wengine wa veranda hiyo waliandikwa kwa vyeo na kazi zao, ilhali hawa waliandikwa kwa kimo chao, kwani magazeti na matangazo ya maonyesho hayakuchoka kurudia vipimo vya miili yao. Hawakuwa wametuhumiwa kwa bomu wala wizi, hakuna mahakama iliyowaita, na bado walitendewa kwa namna inayofanana na ile ya ofisi ya Bertillon: wakapimwa, wakapigwa picha, wakapangwa katika aina. Fénéon alikuwa na wakili, marafiki waandishi na gazeti la kumtetea. Bokane alikuwa na Harrison, ambaye ndiye aliyefaidika.

Miaka 30 baadaye vipimo vilifuatwa msituni kwenyewe. Padre Paul Schebesta, mtafiti aliyezaliwa Silesia, alifika Ituri kwa mara ya kwanza mwaka 1929, na aliporudi 1934 aliambatana na padre mwenzake Martin Gusinde, mtaalamu wa kupima miili, aliyekuwa amejipatia jina kwa picha zake za wenyeji wa Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika. Katika mwaka wa 1934 na 1935 Gusinde alipita katika kambi za Wambuti na vijiji vya majirani zao akipima vichwa, mikono na vimo na kupiga picha, na matokeo yake aliyachapa mwaka 1948 katika kitabu kikubwa cha Kijerumani. Schebesta aliandika kwa upole kuhusu watu hao, akaheshimu lugha na imani zao, na sifa hiyo asinyimwe. Ila vitabu hivyo havipatikani Mambasa wala Niania, na wajukuu wa waliopimwa hawajawahi kuonyeshwa nyuso za babu zao, ingawa zimehifadhiwa vizuri Ulaya kuliko kadi zao wenyewe zilivyohifadhiwa mifukoni.

Utawala wa Ubelgiji, kwa upande wake, ulihitaji hesabu ya watu zaidi ya picha. Amri ya 2 Mei 1910 ilimfunga kila mwenyeji na usheferi wake, yaani eneo la utawala wa kimila lililotambuliwa na serikali, na aliyetaka kuondoka kwa muda mrefu akahitaji ruhusa ya maandishi. Amri nyingine ya Julai mwaka huo iliwapa watawala uwezo wa kumhamisha kwa nguvu, bila kesi, yeyote aliyeonekana kuvuruga utulivu, na maelfu ya wafuasi wa mhubiri Simon Kimbangu na wa dini ya Kitawala walipelekwa hivyo mbali na kwao. Kimbangu mwenyewe alihukumiwa kifo Oktoba 1921, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kwa tabaka dogo la waliosoma, utawala ulibuni kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948 na kadi ya usajili mwaka 1952, iliyotolewa baada ya tume kuchunguza mwenendo na maisha ya nyumbani ya mwombaji. Patrice Lumumba, karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya sasa, alikataliwa kwanza kabla ya kuipata mwaka 1954.

Nchini Kenya mambo yalikuwa wazi na makali zaidi. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, hati yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ambayo wengi waliivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Alama za vidole zilikuwa zimekwisha kuushinda utaratibu wa Bertillon kufikia wakati huo, baada ya kujaribiwa Bengal na Waingereza, na baada ya kazi ya hesabu ya Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao sifa yao ilichukuliwa na mkubwa wao, Edward Henry. Mwanaharakati Harry Thuku aliupinga utaratibu wa kipande akakamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi waliwafyatulia risasi waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye aliuawa pamoja na wengine zaidi ya 20.

Ugomvi unaofundisha zaidi ulikuja baadaye. Serikali ya Kenya, ikitaka kuondoa ubaguzi wa kipande, ilipitisha mwaka 1947 sheria ya kuwasajili watu wa rangi zote kwa alama za vidole, na ilipofika zamu ya walowezi wa Kizungu, mwaka 1949, walilipuka kwa hasira, wakafanya mikutano na kuandika magazetini kwamba kuchovya vidole katika wino ni jambo la wahalifu. Serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, aliyewahi kuwa gavana wa Punjab, na mwaka 1950 tume ikashauri kwamba anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aruhusiwe kutoa saini na picha badala ya vidole. Kwa hiyo picha, iliyokuwa fedheha kwa fundi viatu wa Paris mwaka 1894, ilikuwa stahili ya mlowezi wa Nairobi mwaka 1950, na miaka michache tu baadaye, mwaka 1953, ikageuka tena: Wakikuyu waliokuwa mashambani katika Bonde la Ufa walipoamriwa kupigwa picha kwa ajili ya hati mpya wakati wa vita vya Mau Mau, wengi walikataa na kuondoka. Wote hao, mlowezi na kibarua, walielewa kwamba swali kubwa si kifaa gani kinatumika, bali ni nani anayeweza kusema hapana. Mlowezi aliundiwa tume. Kibarua aliambulia kupoteza kazi na mahali pa kuishi.

Rwanda ilionyesha mwisho wa kutisha wa njia hiyo, kwa kuwa vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu miaka ya 1930 vilisomwa kwenye vizuizi mwaka 1994 kama hukumu ya kifo. Kongo baada ya uhuru ilifuata njia ya uzembe. Rais Mobutu aliwabadilishia watu majina mwaka 1972, serikali yake ikahesabu watu mwaka 1984, na baada ya hapo daftari la taifa likaachwa lichakae mpaka uandikishaji wa wapiga kura wa 2005 ulipowapa raia hati yenye sura zao. Ofisi ya taifa ya utambulisho wa watu, ONIP, iliundwa mwaka 2011, Rais Félix Tshisekedi alikabidhiwa kadi ya kwanza ya taifa tarehe 30 Juni 2023, na mkataba wa kuzitengeneza kadi hizo ukavunjwa mwaka uliofuata kabla wananchi wa kawaida hawajaziona.

Watu wa Ituri, basi, wamepigwa picha na kupimwa kwa zaidi ya miaka 100, kwa ajili ya kumbi za michezo, vitabu vya wasomi na madaftari ya watawala, na katika muda huo wote hati iliyo adimu kuliko zote ni ile inayowafaa wao wenyewe. Makumbusho na maktaba za Uingereza na za nchi zinazosema Kijerumani zenye picha na sauti za Wambuti zina wajibu wa kupeleka nakala zake Bunia na Mambasa, zikiwa na majina ya watu pale yanapojulikana, na chuo kikuu cha Bunia kingeweza kuanza kuzidai hata leo, maana nakala za kielektroniki hazihitaji ndege wala bajeti ya wizara. Serikali nayo isirudi kwa raia kuwapiga picha kwa mara nyingine kabla haijahakikisha kwamba kadi itakayotoka itadumu, kwamba haitaandikwa kabila, na kwamba taarifa zake zitalindwa na sheria inayompa mtu haki ya kufutwa katika daftari la washukiwa anapoonekana hana hatia. Na mkazi wa Niania ambaye kadi yake imefifia asikubali kulipa kwenye kizuizi kwa kosa la mashine ya kuchapia: aende katika ofisi ya CENI iliyo karibu naye, aonyeshe kadi hiyo, na adai nakala inayosomeka.